Neno Ambalo Msusi Hakulirekodi

Nimechoka na nyinyi. Kila wiki mnanijazia ujumbe: "Hili shirika la ndege la bei chee likoje, wanasema linayumba, nikate tiketi?" Nikikwambia usikate, unakata. Halafu unarudi unalia, na mimi sina ndege ya kukupa. Leo sijibu. Leo nawasimulia ya msusi wetu, mtulie msome.

Msusi wetu ana saluni ya viti viwili nyuma ya duka la dawa. Kusuka anasuka kawaida tu, niseme ukweli, mistari inapinda. Watu wanaenda kumsikiliza. Sauti yake nzito, tulivu, inakuja polepole kama mtu anayekufunika shuka. Kairithi kwa mama yake, nzima nzima. Zamani baba yake akipiga simu nyumbani alikuwa anauliza kwanza, "Naongea na mke au na mtoto?"

Siku moja meneja wa shirika moja la ndege, la bei chee kama hayo yenu, alimleta mkewe kusuka. Akamsikia msusi anaongea, akampeleka kurekodi. Chumba kidogo, mablanketi ukutani, maiki mbele ya mdomo. Hakusoma sentensi, alisoma vipande. "Ndege yako." "Imethibitishwa." "Itachelewa kidogo." "Tafadhali subiri." Siku za wiki. Namba, moja moja. Mashine ndiyo ingeviunga mtu akipiga simu kuulizia safari. Alipomaliza akauliza, "Na ndege ikifutwa, nisemeje?"

Meneja akacheka. "Dada yangu, sisi hatufuti."

Naye akacheka, akarudi kwenye nywele zake. Tangu hapo tunamwita Sauti.

Mama yake anakaa mbali, mwendo wa basi wa kuvunja mgongo. Mwaka huu akakutwa na uvimbe kooni. Daktari akasema koo la sauti litatolewa lote, tarehe ikapangwa. Mama akapiga simu.

"Njoo kabla hawajanipasua. Kuna jambo nataka nikwambie, na si la kwenye simu. Nikitoka mle sitaongea tena."

"Nakuja, mama. Niwekee."

"Nakuwekea."

Sauti akakata tiketi ya ndege, kwa shirika lile lile. Bei ilikuwa ya kuchekesha. Shirika lenye njaa leo linakuuzia kesho kwa bei ya kutupa, ila watu mkiona bei mnapofuka. Mteja wake mmoja, aliyewahi kuhudumia abiria ndani ya ndege zao, akageuka na kichwa nusu kimesukwa.

"Mimi nimeondoka kwa sababu mshahara umekuwa hadithi. Ndege zenyewe walikodi, na mwenye nazo kaja kuzichukua. Sasa wewe unapanda nini, ungo?"

"Usinitishe, shoga."

"Sikutishi. Panda basi leo hii, utawahi."

Sauti akasita. Akafanya jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa la akili: akapiga simu ya shirika kuuliza. Akapokelewa na yeye mwenyewe.

"Ndege yako." Kimya kidogo, kama mtu anavuta pumzi. "Imethibitishwa."

Aliniambia moyo ulitulia palepale. Ile ilikuwa sauti yake, na ilikuwa ya mama yake pia. Angeitiliaje shaka? Kesho yake akapiga tena. Imethibitishwa. Basi likaondoka bila yeye.

Siku ya safari, ikiwa imebaki siku moja mama apasuliwe, alifika uwanjani akakuta taa za kaunta zinawaka na mkanda wa mizigo unazunguka mtupu. Sweta ya sare imetundikwa kwenye kiti. Mwenye sweta hayupo. Abiria wamejaa, kila mmoja kaweka simu spika, na kila simu ilikuwa yeye. Hazikulingana. Kwa huyu inaanza, kwa yule inamalizia, ndege yako, tafadhali, imethibitishwa, subiri, subiri, kutoka mapajani, mifukoni, hadi kwenye mkoba uliofungwa zipu. Anasema alijiona kama amekufa, na hawa ndio waliobaki wakimsikiliza.

Akamgusa mzee mmoja begani. "Samahani baba, wamesemaje?"

Mzee akageuka taratibu. Akamtazama mdomo. "Hebu rudia."

"Nauliza wamesemaje..."

"Huyu hapa!" mzee akapiga kelele. "Huyu ndiye anayetuambia tusubiri!"

Wakamzunguka. "Wewe dada, ndege yetu iko wapi?" "Si umeniambia imethibitishwa, asubuhi hii hii?" "Muone, anadanganya na jicho hapepesi!" Mmoja akamsogezea simu usoni. "Haya, ongeeni nyinyi wawili, mtupe jibu moja."

Tafadhali subiri, simu ikamwambia.

Hapo ndipo akakumbuka kile chumba. Neno "imefutwa" hakuwahi kulitamka mle. Mashine isingeweza kusema ambacho hakuipa. Hata ndege zote zingeuzwa vyuma chakavu, ingebaki inasema imethibitishwa, kwa sababu ndilo neno ililonalo.

"Imefutwa," akawaambia.

Hakuna aliyebisha. Wakainama, wakaanza kuokota mizigo yao.

Mlinzi akasema wenye shirika walifunga ofisi jana yake. Tiketi za kampuni nyingine hakuzimudu. Akapanda basi, akafika mama ameshapasuliwa, bomba liko shingoni. Mama akamshika mkono, akafumbua mdomo. Ikatoka hewa. Kuandika hajui. Lile alilomwekea limebaki humo humo mpaka leo.

Siku chache baadaye nesi akamvuta pembeni. "Mama yako anampigia nani kila mchana? Hata kuongea haongei."

Sauti akaenda kuchungulia. Mama amekaa kitandani, kageukia ukuta, simu kaibana chini ya kidevu, karibu na lile tundu la shingoni. Namba alipewa na mwanawe zamani, kwa kujisifu. Shirika limekufa, ila hakuna aliyekumbuka kuzima mashine.

"Ndege yako," sauti ya mama ikasema, na midomo ya mama ikaenda nayo. "Imethibitishwa."

Sauti hakuingia.

Sasa nyinyi. Kabla hujalipa, piga simu ya shirika uulize kitu cha kijinga, rubani anavaa kiatu namba ngapi. Asipocheka binadamu, rudisha hela yako mfukoni. Na ile namba ya waliofunga najua mnayo, mnapiga mkidhani iko siku mtu atapokea awarudishie nauli. Siku hizi imebaki laini moja tu. Ukiikalia wewe, mama anakuta inatumika, anabaki ameshika simu inayolia tu-tu-tu. Nakuomba, usiipige.