Migomba Saba ya Fundi Cherehani

Juzi nilishuka kwenye lori la kahawa pale njia panda ya Ihanda, sanduku la vitabu mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi, nikaenda moja kwa moja kuitazama nyumba ya bibi. Ninasema ya bibi, ingawa iliacha kuwa yake nikiwa na miaka tisa. Wewe unayenifahamu utauliza nilifuata nini. Chuoni huniita mtu wa maswali, lakini hilo sikuwa na jibu lake.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, kuta za udongo, bati juu. Babu aliijenga kwa kahawa ya misimu mitatu, akafa kabla hajalala ndani yake hata mara moja. Bibi aliendelea kukaa shambani katika nyumba ya nyasi, ile ya bati akampangisha fundi cherehani kutoka Muleba. Kodi ilikuja kwa sarafu, kwa chumvi, kwa mafuta ya taa, na Krismasi kwa kipande cha kitambaa. Akitandaza nyasi mbichi sakafuni, nyumba nzima ikinukia mvua, bibi alikuwa akisema ile nyumba ni mume wake wa pili, tena huyu halewi. "Ndiyo inayonifanya nisimwombe mtu chumvi."

Baba mdogo hakucheka. Alikuwa ameona shamba zuri huko Kamuli, akataka nyumba iuzwe. Fundi naye alitaka kuinunua. Bibi akakataa. Miezi ile tulikula matoke na maharage nikisikia tu taya za baba mdogo zikitafuna.

Ndipo bibi akaikumbuka migomba. Kwetu mpangaji hupanda maharage na mahindi, vitu vya msimu. Mgomba hapandi, wala mbuni, kwa sababu mimea hiyo haiondoki, na mwenye kuipanda haondoki pia. Nyuma ya ile nyumba fundi alikuwa na migomba saba, yote inazaa. Ikiwa aliipanda bila ruhusa, wazee wa ukoo wangemtoa na nyumba ingebaki kwa bibi. Ikiwa alipewa ruhusa, bibi angelazimika kumlipa fidia ya migomba au kumuuzia nyumba. Fidia hatukuwa nayo.

Wazee walikaa uani kwetu Jumapili baada ya ibada, kibuyu cha rubisi katikati, harufu ya ndizi zilizochacha ikiita nzi. Fundi alifika na shati jeupe alilolishona mwenyewe.

"Fundi," mzee mmoja akamtania, "huko Muleba ardhi mmeimaliza, sasa mnakuja kupima na ya kwetu kwa futi ya cherehani?"

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. "Wazee wangu, mimi sikuiba. Nilipewa."

"Ulipewa na nani?"

Alimtazama bibi, akainamisha kichwa. "Mama yupo. Atasema mwenyewe."

"Mimi sikumpa kitu," bibi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

Wazee walitazamana. Baba mdogo akakunja uso. Ilikuwa imebaki wao kutamka hukumu tu. Na mimi, niliyekwisha kuchapwa na mwalimu kwa kuuliza Kaini alimpata wapi mke, nikafungua mdomo.

"Bibi, na ile miche tuliyompelekea mke wake alipojifungua? Si niliibeba mimi kichwani?"

Mzee aliyekuwa akinywa akautoa mrija mdomoni. Niliuona mkono wa bibi ukishika nyasi na kuzikaza. Alikuwa amemwonea huruma yule mzazi, ananunua ndizi kama msafiri huku ana mtoto mchanga. Huruma tu. Lakini aliyekupa mche kwa mkono wake amekupa pa kuupanda, na kila mtu pale alijua hivyo.

"Mtoto amesema kweli," bibi akasema. "Nilisahau."

Nyumba iliuzwa kabla ya mavuno ya kahawa. Baba mdogo akapata shamba lake. Bibi hakunigombeza, siku ile wala baadaye. Nimejiuliza mara nyingi kama kweli alisahau, mwanamke aliyejua kila mgomba wa shamba lake ulitoka kwa nani. Sikuwahi kumuuliza. Katika maswali yangu yote, hilo peke yake lilinishinda.

Ninachokikumbuka ni asubuhi moja baadaye. Alikunja jani bichi la mgomba, akanipa. "Nenda kwa baba yako mdogo. Mwambie bibi anaomba chumvi."

Juzi nilizunguka nyuma ya nyumba. Fundi aliondoka zamani. Sasa pana kibanda cha kuwekea kahawa, na ardhi imekanyagwa ikawa ngumu kama saruji. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akishona magunia migomba ilikwenda wapi.

"Migomba? Hapa hapajawahi kuwa na migomba, ndugu yangu."

Nilikuwa na la kumjibu, tena na ushahidi. Nikanyamaza.