Picha ya Baba Mkwe Kutoka Juu

Kwetu Wakurya mkamwana hamsogelei baba mkwe. Humpi mkono, hukai alipokaa, na macho yenu hayakutani ila kwa bahati mbaya. Niliyakuta hayo hata kwa mama yangu, na sijawahi kuyaona mabaya. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia kwamba mzee anataka picha kubwa ya ukutani, na anataka nimpige mimi, si mtu mwingine, nilidhani ananitania.

Nina chumba cha picha Turwa, hapa Tarime mjini. Niliishia darasa la saba. Mambo ya engo nimejifunza kwenye simu na kwa kubahatisha. Ukimpiga mtu kutoka chini anakuwa mkubwa, kidevu kinatawala. Ukipanda juu kidogo uso unafunguka, macho yanaonekana. Wateja wengi nawapiga nimesimama kwenye stuli, wananisifia.

Tulienda kwa wakwe zangu, Ringwani. Mzee alikuwa amekaa mbele ya nyumba, amevaa koti, fimbo mkononi. Nilisimama mbali, karibu na ghala la mahindi, nikavuta lenzi. Nikapata koti na fimbo. Uso ulimezwa na kivuli cha kofia.

"Sogea wewe!" mama mkwe alisema. "Unapiga picha ya mtu au ya mlima?"

"Mwache, mama, anaogopa fahali wa nyumba hii," mume wangu akasema.

Wakacheka. Mzee hakucheka, lakini kofia aliivua.

Nikasogea, nikapiga magoti kwa heshima, nikapiga. Pua ilitoka kama mashimo mawili ya fuko. Nikajaribu upande, bado pua. Hapo sijui nini kilinipata. Labda ni mazoea ya kazi, labda ni kiburi, siwezi kuapa. Nilivuta stuli, nikapanda, nikasema kama ninavyowaambia wateja: "Tata, angalia huku juu kidogo."

Akainua macho. Nikapiga.

Mume wangu akasema taratibu, "Shuka." Nilikuwa nimemsimamia baba yake kichwani. Mzee aliinuka, akaingia ndani. Sitaki kumsingizia kwamba alikasirika.

Ile ya juu ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Macho yana unyevu, mdomo umelegea kidogo, uso wa mtu anayetaka kuuliza kitu akasahau. Sikumwonyesha mtu. Nilisafisha ile ya magoti, nikaitia fremu ya kioo, mume wangu akampelekea.

Sasa kila tukienda naisikia ikichekwa. Juzi nilikuwa jikoni nasonga ugali, mgeni mmoja wa rika la mzee akaangua kicheko sebuleni mbele ya ile picha.

"Mura, hapa ulikuwa unanusa nini?"

"Mkamwana wangu alinipiga akiwa amepiga magoti," mzee akajibu. "Wa kwako angepiga magoti?"

Mwiko ulinilemea mkononi. Kwa haki, mzee hakudanganya: picha ile kweli niliipiga kwa magoti. Lakini anajua nilipanda stuli, kama ninavyojua mimi, na bado ananitetea. Anachekwa kwa ajili yangu wakati picha yake nzuri ninayo kwenye simu.

Nilishindwa kuvumilia. Nikaepua sufuria, nikamwonyesha ile picha mama mkwe, aliyekuwa anaosha vikombe. Alifuta mikono kwenye kanga, akaitazama sana.

"Ndivyo anavyokuwa akiamka," alisema. "Kumbe na wewe umemwona."

Nilitamani nisingezaliwa. "Niifute, mama?"

"Ukiifuta utakuwa hukumwona?"

Nikauliza kama basi nimpelekee mzee aichague mwenyewe, ile ya ukutani ishushwe.

"Hapana. Aliyeko ukutani ni baba wa watu. Huyu ni wangu." Akanirudishia simu, akaanza kupanga vikombe. "Itunze. Siku tutakapomlaza, kila mtu atamwangalia kutoka juu, hata wewe, na hakuna atakayesema umekosa adabu. Siku hiyo itoe."

Nikaitikia. Sebuleni mzee alikuwa anacheka na mgeni wake, anaitisha chai. Iliniwia vigumu kumpelekea mtu chai huku nimemwekea picha ya msiba mfukoni. Nikamwita mume wangu aipeleke hiyo chai.