Sahani Chini ya Kawa

Nimesomewa hitima, na ningali hai. Nilizipata habari hizo mwaka huu niliporudi Wingwi baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Jirani yetu wa zamani alinikagua juu hadi chini, akasema, "Kumbe weye u hai? Na pilau yako tushaila. Basi dua tulizokuombea kaa nazo, utazihitaji."

Nilicheka kicheko cha mtu aliyechoka. Kazi yangu ni historia ya dini. Nimeandika juu ya misikiti, vyuo vya Kurani na hitima za visiwa hivi, na pembeni nikaandika vitabu viwili vya maisha ya ukimbizini. Katika vyote viwili, bibi aliyenilea ananingoja. Sikujua kwamba uvumi wa kifo changu ulimfikia kabla naye hajafa. Sasa nina swali moja tu: alikufa akiamini nimemtangulia?

Nazikumbuka hitima zetu za zamani. Sisi watoto wa chuo tulikaa kwenye mkeka unaonukia karafuu, kila mmoja na juzuu yake, macho kitabuni, pua jikoni. Mwalimu akimsikia mtu anaruka aya, humnong'oneza kwamba asijisumbue, nyama bado ngumu. Bibi alipakua masinia yote, kisha akatenga sahani moja na kuifunika kwa kawa lake la ukili. Asiyefika naye ana haki yake, ndivyo alivyokuwa akisema. Siku moja nilimuuliza kama sahani ile ni ya marehemu.

"Maiti hali, mwanangu. Huombewa dua."

Sahani ilikuwa ya mtu aliye hai, yuko njiani.

Siku hizi chakula cha hitima hufungwa kwenye maboksi, kila mtu akaondoka na lake. Asiyekuja, hakuja. Kawa sikuliona katika nyumba yoyote niliyoingia.

Nikamuuliza jirani kama bibi alitenga sahani siku ya hitima yangu.

"Alitenga. Akaifunika, akakaa nayo mlangoni."

Basi huenda hakuamini kwamba nimekufa. Nikauliza ilikuwa ya nani.

"Hakusema. Lakini mpaka naondoka, ami yako naye alikuwa hajafika kutoka Wete."

Ami naye ameshafariki. Kama alifika akaila, hakuna aliyebaki wa kuniambia.