Nilitia Kufuli Chumba cha Pweza

Ndugu zangu, kosa ni langu na sitaki wa kunifariji. Niliozesha pweza wa akina mama wa Mnazi Bay, tena nikiwa na diploma yangu.

Nimerudi Mtwara kutoka Muscat, ambako nilifunga mitambo ya viwandani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, nilijisomesha mwenyewe. Kikundi cha akina mama kiliponiomba niunganishe chumba chao cha baridi na mtandao, niliona wamepata bahati.

Kisanduku kidogo kinafungwa ukutani, kinapima joto la ndani kwa kihisi, kisha kinatuma namba kwenye jukwaa la kufuatilia mitambo. Unazisoma kwenye simu popote ulipo. Nyumbani kwangu Magomeni, hapahapa Mtwara mjini, nilikuwa nimejaribu kwanza na kisanduku kingine, nikakipangia kitume namba za kubuni. Nilipofunga kile cha kweli, nikakipa jina na neno la siri lilelile, kwa uvivu tu. Simu ikaonyesha hasi kumi na nane. Nikatangaza kazi imekwisha.

Wiki hiyo akina mama walifungua mwamba wao, walioufunga miezi mitatu ili pweza wakue. Chumba kikajaa. Mzee Chilumba, fundi wao wa mafriji, alizoea kufungua mlango kila asubuhi asome kipimajoto. Nikamkataza, nikatia kufuli, ufunguo nikakaa nao mimi.

Kesho yake akanifuata. "Injinia, mashine haijapumzika tangu jana. Chumba kikishika baridi huwa inakata yenyewe."

Nikamwonyesha simu. "Jisomee, mzee."

"Kwani hiyo simu imeingia humo ndani?"

"Mzee, wewe umesomea masikio. Mimi nimesomea darasani."

Waliokuwepo wakacheka, nami nikavimba kichwa. Upumbavu mtupu.

Siku ya tatu Bi Somoe, mwenyekiti wao, akasema, "Fungua, baba, tutazame mali yetu."

Nikafungua. Harufu ikatutoa nje sote. Gesi ya mashine ilikuwa imevuja na pweza wamelegea kama matambara. Simu bado inasema hasi kumi na nane. Kumbe jukwaa lilikuwa linapokea kile kisanduku cha majaribio, ambacho sikukizima, na hiki cha ukutani likikikataa kwa kuwa jina lake lilikuwa tayari linatumika.

Bi Somoe hakunitukana. "Miezi mitatu tumewazuia hata waume zetu kukanyaga mwamba. Nikawaambie nini?"

Wakachimba shimo ufukweni. Nilishika jembe, wakaninyang'anya.

Kijiji kilipokaa kuamua kama mwamba ufungwe tena, wanaume walikataa. "Mfunge ili mkazike tena?" Basi ukabaki wazi, na sasa kila mtu anachokoa pweza wadogo kama kiganja. Hilo ndilo nililowaachia.

Nanyi mafundi wa vyeti mnaojipiga kifua: kabla hujatia kufuli mlango wa watu, fumbata kihisi mkononi, utazame kama namba kwenye simu inapanda. Isipopanda, hujaunganisha kitu. Funga mdomo, urudi kazini.