Mama Chaki, mwanamke anayesoma nyufa za chuma kwa chaki ya shuleni

Saa moja asubuhi, mwanamke aliyevaa ovaroli ya buluu yenye viraka magotini anaweka mgongo wa mkono wake juu ya boneti ya pikapu nyeupe, kama mama anayepima homa ya mtoto. Anauacha hapo kidogo, kisha anauondoa.

"Umeiwasha," anamwambia dalali.

"Nimeipasha tu, Mama. Nikasema usije ukasubiri."

"Basi ndiyo umenifanya nisubiri."

Anachukua ndoo tupu ya rangi, anaigeuza, anaikalia. Kutoka kwenye mfuko wake wa turubai anatoa chupa ya chai na kuanza kunywa taratibu. Injini itachukua saa moja na nusu kupoa, na katika yadi nzima hakuna atakayethubutu kumharakisha.

"Injini baridi haijui kudanganya," anamweleza mwandishi. "Ikishapata moto, hata iliyochoka inaimba."

Hapa wanamwita Mama Chaki, na wapo madalali wanaolitaja jina hilo kwa kunong'ona. Ana miaka hamsini na mmoja. Kazi yake ni kuwachagulia watu pikapu kubwa, zile za mizigo ya kweli: saruji, mbao, mashine, mifugo. Iwe mpya au iliyotumika, kwake ni mamoja. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na kwa hesabu yake ya kichwani amelala chini ya magari zaidi ya elfu mbili. Yeye mwenyewe hana gari. Alikuja kwa miguu.

Malipo yake kwa gari moja ni sawa na bei ya mifuko miwili ya saruji. Wiki nzuri hupata magari matatu. Wiki mbaya huambulia salamu tu.

Ufundi wake haukuanzia gereji. Alikuwa fundi cherehani, akishona viti vya magari kwa miaka kumi na mmoja katika chumba kilichojaa sponji na vumbi. Huko, anasema, ndiko alikojua kwamba gari huficha siri zake chini ya viti. Alikuta tope lililokauka ndani ya zulia, na vipande vya kioo katika gari ambalo mwenyewe alikuwa akilinadi kuwa halijawahi kugonga hata kuku.

"Mimi niko ndani nashona, najua kabisa gari hili lilizama majini, na mwenye gari yuko nje anamwapia mnunuzi kwa jina la mama yake," anasema. "Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia mnunuzi. Bosi akanifukuza siku hiyo hiyo, na yule mnunuzi akanilipa nimtafutie gari lingine. Ndiyo mwanzo."

Wateja wake wa leo wameketi kwenye benchi karibu na geti. Mmoja ni mwashi wa miaka sitini na kitu, mguu wake wa kushoto umenyooka mbele kama ubao, fimbo imelala mapajani. Mwingine ni binti yake, naye ni mwashi, mikono yake ina makovu ya chokaa. Wawili hawa hujenga nyumba za watu, na kwa kuwa hawana gari, theluthi ya malipo ya kila kazi huishia kwa wenye magari ya kukodi, kubeba saruji na mashine ya kuchanganyia zege.

Wamejinyima miaka saba. Walichonacho kinatosha gari moja tu, na wakikosea hawana pa kuanzia tena.

Baba na mwana hawajaelewana. Binti anataka pikapu mpya ya saizi ya kati, iliyofungwa plastiki kwenye viti. Mzee anataka kubwa iliyotumika.

"Baba anataka ukubwa, mimi nataka usingizi," anasema binti. "Gari jipya najua limetoka wapi. La mtumba sijui lilikuwa la nani, lilimfanyia nini."

Mwandishi aliona maneno hayo yana akili nyingi. Mwandishi pia ndiye aliyedhani kuwa mtu akimwita mkaguzi mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa, atampa tu jibu. Mambo hayakuwa mepesi hivyo, kwa sababu watu hawa wawili, mkaguzi na mwashi, wana historia.

Miaka tisa iliyopita, Mama Chaki ndiye aliyemchagulia mwashi huyu pikapu yake ya kwanza.

Anaisimulia mwenyewe, macho yakiwa kwenye kikombe. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Alikagua injini, giaboksi, breki, mikanda ya viti, akaridhika. Ikabaki chasisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima. Chasisi hupimwa kwa chaki, na chaki haishiki kwenye chuma kilicholowa. Alipaswa kusema, "Nitarudi kesho." Dalali alikuwa na haraka, mwashi alikuwa na furaha, naye alikuwa na baridi. Akaipapasa chasisi kwa mkono, akachora alama ya vema kwenye tairi la mbele kama alivyozoea, akaenda zake.

Baada ya miezi mitano, pikapu ile ilikatika katikati ikipanda mlima wa machimbo, ikiwa na mawe. Ilikuwa magari mawili yaliyounganishwa kwa kuchomelewa na kupakwa rangi. Dereva aliruka. Mwashi, aliyekaa upande wa abiria, alibaki chini ya mawe. Alipasuliwa mara tatu na kulala kitandani miezi kumi na mmoja.

"Nilikwenda kumwona hospitali," anasema Mama Chaki. "Nikasimama mlangoni. Yeye ndiye aliyeniuliza kama nimekula."

Tangu siku hiyo hajachora vema kwenye tairi la mtu. Gari baya hulichora msalaba. Gari zuri huligeuzia mgongo na kusema neno moja tu: "Sijaona ubaya." Wateja wamembembeleza aseme ni zima, amekataa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mimi mwandishi nilimuuliza mwashi kwa nini amerudi kwa mtu yule yule, wakati mji una wakaguzi tele. Alinitazama kana kwamba nimeuliza maji ni ya nini.

"Hao wengine hawajakosea bado, na sijui watakosea lini," alisema. "Huyu ameshakosea, tena kwangu. Nitapata wapi mwingine atakayeogopa kwa ajili yangu namna hii?"

Jana walianzia kwenye duka la magari mapya. Mama Chaki aliingia na futi ya fundi cherehani shingoni, ile ile ya enzi za viti. Muuzaji alipokuwa akieleza habari za redio, yeye alikuwa ameinama nyuma akipima bodi ya mizigo. Alipima mara mbili, akalinganisha na vipimo vya mashine ya zege alivyoviandika kiganjani.

"Gari ni zuri, halina neno," alimwambia binti. "Ila mashine yenu haikai. Mlango wa nyuma hautafungwa, mashine imezidi shubiri nzima. Mtatembea na mlango wazi, mzigo wote umeelemea nyuma, na springi hizi ni za watu, si za zege. Mwaka mmoja litakuwa limechoka kuliko baba yako."

"Asante," alisema baba yake.

Ndiyo maana leo wako yadi. Saa mbili na nusu injini ya pikapu nyeupe imepoa, na Mama Chaki anainuka kwenye ndoo.

Anavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki kila siku, anaunusa na kuutazama kama una mstari wa tope. Anafungua kifuniko cha oili na kupitisha kidole chini yake. Anaiwasha, anasikiliza akiwa amefumba macho, anaizima. Mpaka hapo hajachora msalaba, na dalali ameanza kutabasamu. Pikapu yenyewe inang'aa mpaka unaweza kujitazama na kunyoa ndevu.

Kisha anatandika gunia na kuingia chini. Nami nikaingia, nikalala kando yake, na ninachokieleza sasa nilikiona kwa macho yangu.

Anachovya brashi kwenye kopo la mafuta ya taa na kuipaka chasisi pande zote. Anasubiri. Anaifuta kwa kitambaa kikavu, tena na tena, mpaka haibaki hata alama ya unyevu. Halafu anatoa chaki nyeupe ya kawaida, ile ya walimu, na kuisugua juu ya chuma kwa ubavu mpaka chasisi yote imekuwa nyeupe kama ukuta mpya.

"Mafuta ya taa huingia hata pale jicho lisipoingia," ananong'ona. "Ukifuta juu, ya ndani yanabaki. Kama kuna ufa, yatatafuta pa kutokea. Sasa nyamaza, tungoje."

Tulingoja. Dakika ya kumi hivi, kwenye weupe ule, nyuma kidogo ya kabini, kikatokea kidoa. Vikawa viwili. Vikaungana polepole, bila mtu kuvigusa, vikawa mstari mweusi mwembamba kama unywele, ukikatiza chuma kutoka juu hadi chini. Nimefanya kazi ya uandishi muda mrefu na nimeona makubwa, lakini sikumbuki kuona chuma kikiungama.

"Ufa wa kujiendea hupinda," alisema Mama Chaki akiupitishia kidole bila kuugusa. "Huu umenyooka. Huu ni wa msumeno."

Alitoka, akachora msalaba kwenye tairi. Dalali aliinama. Aliutazama mstari, akatazama chini.

"Mimi nililetewa hivyo hivyo, Mama."

"Sijasema ni wewe."

Binti wa mwashi alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Baba yake hakuinuka. Alikuwa akiupapasa mguu wake.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye kona ya mwisho ya yadi, nyuma ya rundo la matairi, kulikuwa na pikapu kubwa ya kijani ambayo dalali hakuitaja hata mara moja. Rangi imebabuka, mlango mmoja umebonyea, kiti cha dereva kimechanika. Binti aliiona akaguna. Mama Chaki aliweka mgongo wa mkono juu ya boneti. Ilikuwa ya baridi, imejaa umande.

Alirudia kila kitu tangu mwanzo: mkanda, oili, injini, na futi ya cherehani kwenye bodi, ambayo ilizidi mashine ya zege kwa shubiri mbili. Kisha gunia, mafuta ya taa, kitambaa, chaki.

Dakika kumi. Weupe. Dakika ishirini. Weupe. Nusu saa ilipita na chasisi ile ilikuwa safi mwanzo hadi mwisho, na mimi, niliyedhani nimekwishaona maajabu ya siku, nikajikuta nimetekwa na chuma ambacho hakuna kilichokuwa kikitokea juu yake. Mama Chaki aliifuta yote na kuanza upya. Alifanya mara tatu.

"Unaonaje?" mwashi aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Sijaona ubaya."

"Hilo la kuwaambia wateja. Mimi nakuuliza unaonaje."

Mama Chaki alitoka getini. Aliomba mifuko ishirini ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, ya kuazima, ikapakiwa yote. Akamwambia binti ashike usukani. Yeye akafungua mlango wa abiria, akakaa upande ule ule ambao mwashi alikuwa amekaa siku ile.

"Tunapanda mlima wa machimbo," alisema. "Wewe kaka, tusubiri hapa."

Mwashi alikuwa tayari anavuta mguu wake kuelekea kiti cha nyuma. "Nani kakwambia nasubiri?"

Mwandishi, ambaye hakuulizwa, alijikuta juu ya saruji.

Tulipanda. Ule ni mlima wa kweli, barabara ya mawe, upande mmoja bonde. Kupitia kioo cha nyuma niliona vichwa vitatu vikitazama mbele. Mkono wa Mama Chaki ulikuwa umeshika mpini wa mlango, na mkono wa mwashi ulikuwa begani kwake. Ulikaa hapo mpaka kileleni.

Juu, Mama Chaki aliteremka, akaingia chini ya gari na kurunzi. Alikaa muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa na vumbi jeupe, na vumbi hilo lilikuwa na michirizi miwili.

Binti alimuuliza kama ni salama kulipenda gari lenye sura mbaya kiasi hiki. "Lipende, mwanangu," alisema. "Mlango utanyooshwa, kiti nitakushonea mwenyewe."

Anasema anatamani kupata mahali pake, kibanda chenye shimo la ukaguzi, ili mtu yeyote alete gari lake lipakwe chaki kabla halijamuua. Gari la mwandishi alilitazama kwa mbali tu na kushauri liombewe. Binti wa mwashi amesema shimo hilo atalijenga yeye, siku eneo likipatikana.

Kabla hatujateremka, Mama Chaki alipiga goti mbele ya tairi la mbele. Chaki ilikuwa imebaki kipande kidogo kama punje ya hindi. Akachora vema, kubwa, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Mwashi aliegemea fimbo yake akaitazama.

"Itafutika kabla hatujafika chini," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa," alijibu Mama Chaki akijifuta magoti. "Ikifutika, ujue gari linatembea."