Betri Iliyopumzishwa Kila Jioni

Mama alizikariri namba za gari lake siku ileile alipokabidhiwa vibao katika ofisi ya kaunti, Fort Worth, Marekani, kama alivyowahi kukariri namba ya kadi yetu ya posho katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Alivifunga mwenyewe, kimoja mbele na kimoja nyuma. Wanaume wa kwaya walimwambia cha mbele hakina haja, mbona wengi hawanacho. Akawajibu, "Sheria imesema viwili. Mimi sikuvuka bahari kuja kubishana na kibao."

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya fedha, lenye umri wa mtoto wa sekondari. Kabla ya kulipata, mama alifika kazini kwa hisani. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, zamu ikianza saa kumi na mbili asubuhi, na mtaani kwake hapakuwa na basi la saa hiyo. Jirani mmoja wa parokiani, mwanamke Mrundi mwenzetu, alimpitia kila alfajiri kwa miaka miwili bila kulalamika hata mara moja. Ndiyo maana ilimuuma. Mtu akilalamika, unaweza kumchukia kidogo ukapumua.

Mwaka wa kwanza wa gari ulipokaribia kwisha, stika ya usajili kwenye kioo cha mbele ilitakiwa kubadilishwa kabla mwezi haujaisha. Huku Texas ukaguzi wa breki na taa kwa magari madogo umeshafutwa, lakini katika kaunti kubwa kama zetu umebaki ule wa moshi. Gari lisipofaulu, hupati stika. Na mama bila stika asingeendesha hata hadi kanisani. Angerudi kusubiri kwenye ngazi za nyumba, mkoba mapajani, mpaka taa za gari la jirani zimmulike.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba katika mji mwingine, Mesquite, karibu na ghala ninakofanya kazi. Nilikuja siku yangu ya mapumziko kumsindikiza. Mkaguzi, mzee mmoja mpole, alichomeka waya chini ya usukani, akaisoma mashine, akakunja uso. Gari halikufaulu, ingawa hakuona ubovu wowote. Kompyuta ya gari, alitueleza, hujipima yenyewe barabarani kwa siku kadhaa na kuweka kumbukumbu. Hii ilikuwa tupu, kana kwamba gari limezaliwa asubuhi ile. Tuliendeshe wiki moja, alisema, kisha turudi.

Mama aliliendesha. Alikwenda kazini, sokoni, hata kwenye misa za katikati ya wiki ambazo hakuwa na desturi ya kuhudhuria. Tuliporudi, mashine ilisema yaleyale. Safari hii mkaguzi aliniangalia mimi, akauliza kama kuna mtu anayefuta kumbukumbu ili kuficha ubovu. Nilitafsiri. Mama alishika mkoba kwa mikono miwili, namna alivyokuwa akisimama mbele ya maofisa wa kambi, nami nikajaa hasira nisijue nimwelekezee nani. Njiani alimpigia jirani, akamuuliza kama anaweza kumpitia tena kuanzia Jumatatu. Jirani alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Alhamisi, mwezi ukiwa unaisha Jumapili, niliomba ruhusa kazini nikaenda kulala kwake. Jioni, jua lingali juu ya mapaa, nilimwona kupitia dirishani. Alikuwa amefungua boneti, kitenge kiunoni, spana namba kumi mkononi. Nikatoka.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninaipumzisha betri."

"Unaipumzisha?"

"Kila jioni. Kitu kinachofanya kazi kutwa lazima kilale."

Alilegeza nati, akaunyanyua waya, akauviringishia kitambaa usiguse chuma. Mikono yake haikusita hata kidogo, na hapo ndipo nilipoikumbuka betri yetu ya sola kambini, iliyowasha taa moja na redio. Kila usiku aliichomoa nyaya, akaifuta vumbi. Betri za majirani zilikufa moja baada ya nyingine. Yetu ilidumu miaka sita, watu wakaja kuitazama kama mgonjwa aliyepona. Nikakumbuka pia kwamba saa ya gari la mama ilikosea siku zote, na mwaka mzima nilidhani imeharibika.

Nilimweleza taratibu. Ukiuchomoa ule waya, kompyuta inasahau. Kila asubuhi gari lilianza kujifunza upya, na kila jioni yeye alilifuta.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni wewe, mama."

"Mwaka mzima ninalifanyia wema." Aliegemea bampa. "Na yule mzee anaona mimi ni tapeli."

"Mbona hukumwambia?"

"Hakuuliza habari za betri. Aliuliza habari za kuficha. Mimi sijaficha kitu."

Aliurudisha waya, akaikaza nati. Gari lilihitaji mwendo mrefu wa barabara kuu, kisha lizimwe, lilale na kumbukumbu zake, liwashwe tena. Mama alikuwa hajawahi kuingia barabara kuu. Njia yake ya kazini ilikuwa ya mitaani, taa hadi taa. Alifikiri kidogo, akasema, "Kesho sina zamu. Twende kwa mdogo wangu."

Mdogo wake anaishi Missouri City, ng'ambo ya Houston. Niliketi pembeni yake. Saa nzima ya kwanza midomo yake ilikuwa ikisali rozari tu. Malori yalitupita, gari letu likatikisika kama nguo kwenye kamba. Kisha mji uliisha, mbingu ikafunguka, pande zote malisho ya kijani kibichi, naye mabega yakamshuka.

"Ongeza kasi kidogo," nilimwambia. "Hata ng'ombe watatupita."

"Ng'ombe hawana stika ya kubadilisha."

Lakini aliongeza.

Jioni ile, kwa mama mdogo, aliinuka mezani mara tatu kwenda kuliangalia gari. Mara ya nne mama mdogo alimpokonya spana, akaiweka kwenye kiti, akaikalia. "Dada, leo atakayepumzika ni wewe."

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye kituo cha ukaguzi cha karibu. Mkaguzi alikuwa Mkenya, akatusikia tukiongea Kiswahili, akasoma anwani kwenye karatasi za gari.

"Mmetoka Fort Worth? Kwani huko hakuna wakaguzi, mathe?"

"Wapo," alisema mama. "Gari ndilo halikuwa na kumbukumbu. Nilikuwa ninachomoa betri kila jioni ilale."

Alisema akimtazama usoni. Yule bwana alicheka hadi akashika mlango. "Mathe, hiyo ni kali. Na ulikuwa unaifunika blanketi?"

"Ningejua inasaidia, ningeifunika."

Akachomeka waya. Mama alisimama kando ya gari, kiganja juu ya boneti. Mashine ilichukua muda wake. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena.

"Imepita, mathe."

"Yote?"

"Kipimo kimoja bado kinajifikiria, lakini sheria inaruhusu kimoja. Imepita."

Nilimaliza usajili kwenye simu palepale kaunta. Risiti ingetosha mpaka stika ije kwa posta. Nilipotoka, mama alikuwa ndani ya gari, mlango wazi, simu mkononi, sauti ya jirani imejaa garini.

"Jumatatu usinipitie," alikuwa akimwambia.

"Limefaulu?"

"Limefaulu."

Jirani alishusha pumzi ndefu. "Mungu ni mwema. Nilikuwa nimeshatega saa."

"Itegue, dada," mama alisema. "Ulale."