Kidole cha Nne

Yule mtengeneza vitasa wa kibanda kilichobanwa kati ya duka la fotokopi na duka la viatu, mtaa mzima ulimwita Kombo. Hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alibandikwa shuleni kwa sababu ya kidole chake cha pete, mkono wa kulia, kilichopinda kiungoni kama ndoano kikakataa katakata kunyooka. Aliyeuliza kimepatwa na nini alijibiwa, "Kilibanwa na mlango." Kombo alikuwa amelisema neno hilo kwa miaka arobaini na saba, na kila alipolisema aliwachukia wanawake wawili: mmoja kwa kidole, mwingine kwa uongo.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa piano. Wa pili alikuwa mama yake mzazi.

Mama yake alipiga deki kwenye shule ya muziki, akaomba mwanawe wa miaka kumi afundishwe bure kila Jumamosi. Mwalimu wakati huo alikuwa binti wa miaka ishirini na minane, mwembamba, mkali kama pilipili. Jumamosi moja mtoto alikosea mahali palepale mara saba. Mara ya saba mwalimu alikibamiza kifuniko cha piano, na mikono ya mtoto ilikuwa bado ndani. Mama alikuja mbio na ndoo yake, akamfunga kitambaa, wakaenda hospitali. Kesho yake, kabla Kombo hajarudi shuleni, alimshika mabega akamwambia, "Ukiulizwa, sema mlango. Umenisikia? Mlango." Kisha akaendelea kupiga deki palepale miaka mingine kumi na mitano.

Hilo ndilo lililomkaa Kombo rohoni. Alipokuwa mtu mzima alimtembelea mama yake kwa nadra, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekosea nyumba, akaondoka kabla chai haijapoa. Mama akafa hivyohivyo, na mwanawe hakuwahi kumwambia kwa nini.

Mwaka uliofuata mlinzi wa shule ya muziki alikuja kibandani kumwita. Kabati la vitabu lilikuwa limegoma kufunguka. Kombo alichukua mkoba wake wa vifaa, akapanda ngazi alizozijua kwa hesabu, akasikia sauti kabla hajamwona mwenyewe: "Moja, mbili, tatu! Wewe unajua kuhesabu au hujui?" Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe na mgongo umeinama, lakini sauti ilikuwa ileile, kavu kama chaki. Kombo hakumpa shikamoo. Alipiga magoti mbele ya kabati, akafungua kitasa kwa dakika mbili.

"Umekwaruza rangi," alisema mwalimu.

"Rangi ilikuwa imekwaruzwa tangu zamani, mama."

"Si hapa. Hapa umekwaruza wewe."

Kombo alijifuta mikono taratibu. Alikuwa amekuja kufungua kabati tu, lakini mdomo wake ukatoa jambo jingine. "Mnafundisha na watu wazima?"

Mwalimu aliitazama mikono ya Kombo, kisha akatazama dirishani. "Watu wazima wanakuja wiki tatu, halafu migongo inaanza kuwauma."

"Mimi mgongo wangu mzima."

"Alhamisi saa kumi. Ukichelewa, usipande ngazi."

Mkewe, mtu pekee aliyeujua ukweli wa kidole, aliposikia aliweka sufuria chini. "Yaani mume wangu utoke hapa ukatukanwe na yule bibi, na bado umlipe?"

"Nitajifunza mpaka anipandishe jukwaani kwenye onyesho la wanafunzi," alisema Kombo. "Wazazi wote wakiwa wamekaa, nitawaambia alichonifanyia. Nataka ayasikie mbele ya watu."

"Na piano yenyewe?"

"Piano ni njia tu."

Mkewe alimjua. Alirudi kwenye sufuria yake.

Alhamisi ya kwanza Kombo alisema angependa kuanza na ile ya Beethoven inayopigwa kila mahali, hata kwenye simu. Mwalimu alicheka puani. "Kila anayeingia mlango huu anataka ile. Mwanzo wake rahisi, wanaushika kwa wiki moja, halafu katikati inawatupa chini. Beethoven hana haraka na wewe. Utaanza na Czerny."

Czerny alikuwa mazoezi matupu: vidole vitano vikipanda na kushuka kama watu wasio na pa kwenda. Kombo aliyapiga miezi miwili, nyumbani kwenye kinanda kidogo cha umeme alichokiweka juu ya meza ya kulia, mpaka mkewe akaanza kuyaimba akifua bila kutaka. Mwalimu hakumsifu hata mara moja. "Unabonyeza kama mtu anayepima embe sokoni." "Mkono wa kushoto umelala, uamshe." "Hiyo ni noti, si msumari." Naye Kombo alimjibu. Akiambiwa "Taratibu," alisema, "Hata wewe usikimbilie kusema." Wanafunzi waliosubiri kwenye benchi la nje walikuwa wakinyamaza kuwasikiliza.

Baada ya Czerny ukaja ule wimbo mfupi wa dansi kutoka kwenye daftari la nyumbani la mke wa mtunzi Bach. Kombo alikwenda kuulizia, akarudi na ushindi. "Huu si wa Bach. Watu walidhani ni wake, kumbe uliandikwa na mtu anaitwa Petzold."

"Najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeupiga vizuri zaidi?"

Alitoka siku hiyo akiwa amekasirika mpaka akasahau koti. Lakini wimbo aliujua. Alikuwa akiupiga bila kuangalia karatasi, na mara mojamoja, mikono miwili ikienda njia mbili na bado ikikubaliana, alijikuta ametabasamu peke yake mezani. Akijigundua, aliufunga uso haraka.

Mwezi wa nane wa masomo mwalimu akampa Schumann, kipande kidogo ambacho mtunzi huyo aliwaandikia binti zake. Kipande hicho kina jambo lake: wimbo wenyewe unaimbwa na mkono wa kushoto, wa kulia unaitikia tu. "Hiki ndicho utakachopiga kwenye onyesho," alisema mwalimu. Kombo alitoa nakala kwa jirani yake wa fotokopi apate ya nyumbani, lakini kitabu cha mwalimu kilikuwa kimezeeka na nakala ikatoka na madoa. Jirani akamtafutia kitabu kilekile, kipya. Kombo alipoviweka viwili sambamba ili alinganishe, akaona kitu.

Juu ya noti huwa kuna namba ndogo zinazoonyesha kidole cha kutumia: kidole gumba ni moja, cha pete ni nne, cha mwisho ni tano. Kwenye kitabu kipya, mkono wa kulia ulikuwa na nne mahali pengi. Kwenye kitabu cha mwalimu kila nne ilikuwa imefutwa na kuandikwa tatu au tano kwa penseli. Mkono wa kushoto haukuguswa. Kombo alitoa karatasi za Petzold, akatoa za Czerny. Ilikuwa vilevile tangu ukurasa wa kwanza, tangu Alhamisi ya kwanza.

Hakungoja Alhamisi. Alifunga kibanda mchana kweupe akaenda, akaweka vitabu vyote viwili juu ya piano.

"Nani amefuta hizi namba?"

"Mimi. Hicho kidole hakifiki."

"Unajua kwa nini hakifiki?"

Mwalimu alivua miwani. "Najua. Nilikuwepo."

Kombo alikuwa amejiandaa kumkumbusha aliyesahau. Hakuwa amejiandaa kukutana na aliyekumbuka. "Miezi minane! Unanitukana kila wiki, na ulinijua!"

"Nilikujua ulipopiga magoti pale kwenye kabati. Ulitaka nifanye nini? Nilie?"

"Ulinivunja kidole!"

"Ulirudia kosa lilelile mara saba, nikashikwa na hasira. Hakuna zaidi ya hapo. Nimetafuta sababu nyingine miaka yote hii, sijaipata." Alisema kwa sauti ileile aliyohesabia mapigo. "Na mama yako ulimwonea. Aliwahi kuniambia humkaribii."

"Usimtaje mama yangu."

"Kesho yake asubuhi alisimama hapo ulipo. Alitaka kwenda polisi. Mimi nikamwambia akienda, yeye hana kazi na nyumba ya wafanyakazi ataitoka siku hiyohiyo. Nikamwambia aseme mlango. Lile neno ni langu, si lake."

Kombo alichukua kitabu chake kipya na kuacha kile cha zamani. Alishuka ngazi akishika ukuta. Nyumbani alikaa kitandani na viatu miguuni, akamwambia mkewe yote, na mkewe akamvua viatu. "Nilikuwa naondoka kabla chai haijapoa," Kombo alisema. Aliirudia mara nyingi.

Mkewe alidhani onyesho limekufa. Halikufa. Kombo alifanya mazoezi kwa wiki tatu bila kwenda darasani, akiwa na hasira iliyokauka ikawa ngumu, na siku ilipofika akavaa shati jeupe. Mwalimu hakuwa amelifuta jina lake kwenye orodha. Alimwita, naye akapanda.

Alipiga Schumann. Mkono wa kushoto uliimba kama alivyotaka. Wa kulia ulichelewa kidogo katikati, kisha ukaufikia wa kushoto. Makofi yalikuwa ya kweli. Kombo alisimama, akauinua mkono wa kulia watu wauone.

"Hiki kidole alikivunja mwalimu wetu kwa kifuniko cha piano, nikiwa na miaka kumi. Mama yangu alikuwa anapiga deki hapa. Alitishwa asiseme, na mimi nikamchukia yeye mpaka akafa. Nimekuja kusema hayo tu."

Mzazi mmoja akageuka: "Mwalimu, haya ni kweli?"

"Ni kweli," alisema mwalimu bila kuinuka kitini. "Yote."

Kabla ya mwisho wa mwezi shule ilikuwa imemwondoa. Waliomtetea walikuwepo, wakasema ni mambo ya kale, na wengine waliacha kupeleka funguo zao kwa Kombo. Mkewe alimuuliza, "Sasa umeridhika?" Alijibu, "Hapana. Lakini lilipaswa kusemwa."

Mwalimu mpya alikuwa kijana mchangamfu aliyesifu kila kitu. Kombo alikosea makusudi Alhamisi moja, mara tatu mfululizo, na kijana akasema, "Safi sana, mzee wangu!" Kombo alivumilia. Walikuwa wameanza mazoezi ya Burgmüller, mtunzi mwingine, na Kombo aliyapenda.

Asubuhi moja alimkuta yule mwalimu wa zamani nje ya duka la dawa, mfuko wa vidonge mkononi. Hawakuamkiana. Alikuwa ameshampita aliposikia ile sauti mgongoni.

"Mkono wa kulia ulichelewa. Pale katikati."

Kombo aligeuka. Hasira ilikuwepo, nzima, haijapungua hata kidogo. "Najua," alisema. "Nilisikia."

"Basi."

Bibi akashika njia yake, naye akavuka barabara. Kibandani palikuwa na mwanamke anamsubiri, amejifungia nje ya nyumba yake na funguo zimebaki ndani. Kombo alichukua mkoba wa vifaa, akamwomba aongoze njia.